Siku Tano Lisbon na Rafiki Wakati wa Kiangazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa marafiki wawili wanaotaka kukaa siku nne au tano katika mji mmoja wa kusini mwa Ulaya wakati wa kiangazi cha huko, yaani kati ya Juni na Agosti, na ambao wameuchagua au wanakaribia kuuchagua mji wa Lisbon, makao makuu ya Ureno. Nilifika huko mwezi wa Julai pamoja na rafiki yangu wa tangu shule, mimi nikitokea Dar es Salaam na yeye akitokea Ujerumani anakoishi. Mengi yaliyomo humu ndiyo niliyoulizwa na ndugu na majirani niliporudi. Saa zimetajwa kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Tiketi za huko huandika saa 3 asubuhi kuwa 09:00 na saa 3 usiku kuwa 21:00, na kosa la kusoma saa hizo limekwisha kuwakosesha watu treni.

Kwa nini Lisbon, na si Roma, Athens au Sevilla?

Sababu ya kwanza ni hewa. Lisbon iko mahali ambapo mto Tejo unaingia katika bahari ya Atlantiki, na wakati wa kiangazi huvuma upepo wa kaskazini ambao wenyeji huuita nortada, unaoupoza mji jioni hata kama mchana ulikuwa mkali. Wastani wa joto la mchana mwezi wa Julai na Agosti ni kama nyuzi 28, ilhali Sevilla, ambayo haiko mbali sana, hupita nyuzi 35 kwa siku nyingi mfululizo. Hata hivyo asije mtu akadhani kwamba Lisbon haina hatari ya joto: tarehe 4 Agosti 2018 joto lilifika nyuzi 44, na mawimbi ya joto ya namna hiyo yanaweza kutokea katika kiangazi chochote.

Sababu ya pili inatuhusu sisi zaidi kuliko wageni wengine. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki anayeingia mkahawani Lisbon ataketi kwenye mesa, ataona bandeira ikipepea nje, atasikia mteja wa jirani akiagiza vinho, na atatambua kwamba meza, bendera na mvinyo yalitoka kinywani mwa watu hawa, kama yalivyotoka leso na karata. Historia iliyoyaleta maneno hayo haikuwa ya upole, na ndiyo maana inafaa kuifuata hadi kwenye chanzo chake; nitaieleza katika swali la Belém, mtaa wa Lisbon ulio kando ya mto.

Ni mwezi upi unaofaa zaidi?

Kwa maoni yangu ni Juni, hasa kwa wanaotaka kuuona mji ukiwa wa wenyewe. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Juni ni sikukuu ya Mtakatifu Antonio, na vichochoro vya Alfama, Mouraria na Graça hujaa moshi wa sardini wanaochomwa juu ya makaa, muziki, na vijungu vidogo vya mimea ya mrihani yenye vipande vya mashairi. Tarehe 13 ni siku ya mapumziko mjini, kwa hiyo maduka na ofisi nyingi hufungwa, na vyumba vya wiki hiyo huwa ghali na huisha mapema. Agosti ndio mwezi ambao wenyeji wengi huenda likizo na baadhi ya mikahawa ya mitaani hufungwa, na wageni ndio wanaobaki wengi. Mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa 3 usiku, jambo ambalo kwa sisi tuliozoea giza la saa 1 hubadilisha kabisa mpangilio wa siku.

Viza huombwa vipi, na tuanze lini?

Ureno imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya muda mfupi. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya muda mfupi, inayoruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Ombi linaweza kuwasilishwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla, na uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, ingawa sheria inaruhusu uchunguzi urefushwe hadi siku 45. Kwa safari ya Julai ningeshauri kuwasilisha mwezi wa Aprili, kwa sababu kupata miadi yenyewe huchukua muda. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni yuro 90, na hairudishwi ombi likikataliwa.

Bima ya safari lazima igharimie matibabu yasiyopungua yuro 30,000 na ifae katika nchi zote za Schengen. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na ibakie hai kwa angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Ikiwa safari inagusa nchi zaidi ya moja, ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Na kama Ureno haina ofisi ya viza mahali unapoishi, ulizia ni ubalozi upi unaoiwakilisha hapo.

Jambo ambalo marafiki wengi hulisahau ni kwamba viza huombwa na mtu mmoja mmoja hata kama mnasafiri pamoja. Mmoja anaweza kukubaliwa na mwenzake akakataliwa. Kwa hiyo wekeni nafasi za hoteli zinazoweza kufutwa bila gharama, na mkubaliane mapema, kwa maneno yaliyo wazi, kama aliyekubaliwa ataendelea na safari au ataiahirisha. Ni mazungumzo mazito, lakini ni mepesi zaidi mwezi wa Machi kuliko usiku wa kuamkia safari.

Mmoja wetu tayari anaishi Ulaya. Je, anahitaji viza?

Inategemea anakoishi. Mwenye kibali halali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, kwa mfano Ujerumani, Sweden au Uholanzi, anaweza kwenda Ureno kwa kibali hicho pamoja na pasipoti yake bila viza nyingine, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen kama yule aliyeko nyumbani, kwa kuwa kibali cha Uingereza hakitambuliwi kwa ajili hiyo, na ataiomba hukohuko Uingereza.

Yule anayetokea Afrika Mashariki ajue kwamba akibadilisha ndege Amsterdam au Paris, ukaguzi wa pasipoti utafanyika hapo na si Lisbon, na aache nafasi ya kutosha kati ya ndege mbili. Akipitia Istanbul, Doha au Dubai, atakaguliwa Lisbon, ambako foleni za kiangazi huwa ndefu. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kutumia mfumo wa kuandikisha alama za vidole na picha ya uso wa mgeni mpakani, badala ya muhuri wa pasipoti. Aliyetangulia asikae mlangoni pa uwanja akihesabu dakika. Atafute kivuli na maji.

Tukubaliane nini kabla ya kulipa chochote?

Hapa ndipo safari nyingi za marafiki huharibika, na huharibika kwa sababu kila mmoja aliona haya kusema. Kwetu kuzungumzia fedha na rafiki ni jambo la kuzungukwazungukwa. Mwenye uwezo mdogo hunyamaza asije akaonekana mnyonge, na mwenye uwezo mkubwa hunyamaza asije akaonekana mwenye majivuno, kisha wote wawili wanafika mezani na bili inaletwa.

Semeni kiasi. Kila mmoja ataje fedha atakazoweza kutumia kwa siku baada ya kulipia ndege na malazi, na kiasi kilicho kidogo ndicho kiongoze safari nzima. Mwenye ziada anaweza kuitumia kwa mambo yake binafsi, au kumkaribisha mwenzake mlo mmoja kwa nia njema iliyotangazwa, lakini asimvute kila siku hadi mahali asipopamudu. Sisi tulikuwa na mfuko wa pamoja: kila asubuhi kila mmoja alitia yuro 30, na humo tulilipia chakula, usafiri na maji bila kuhesabiana nani amekunywa kahawa ngapi. Kilichobaki jioni kililala humo hadi kesho yake.

La pili ni miguu. Lisbon ni mji wa vilima, na husemwa kuwa vilima hivyo ni saba. Njia zake za waendao kwa miguu zimetandazwa vijiwe vya chokaa vilivyong'arishwa na nyayo hadi vinateleza hata vikiwa vikavu. Ulizaneni kwa ukweli hali ya magoti, ya shinikizo la damu, na ya pumzi. Rafiki yangu alikuwa na goti bovu ambalo hakulitaja, nami nilimpandisha siku ya kwanza hadi Kasri la São Jorge wakati wa jua kali. Siku ya pili hakuweza kutoka kabla ya adhuhuri, na nilijuta kwamba sikuuliza.

La tatu ni usingizi, na linatosha kwa sentensi moja: anayekoroma, anayeamka kwa sala ya alfajiri na anayelala saa 8 za usiku wajitaje kabla chumba hakijachaguliwa.

Tukae mtaa gani?

Baixa, eneo tambarare lililojengwa upya kwa mitaa iliyonyooka baada ya tetemeko kubwa la tarehe 1 Novemba 1755, linawafaa wanaotaka kuepuka vilima, lakini ni ghali. Alfama ni mtaa mzuri kwa macho na mgumu kwa masanduku, kwa kuwa teksi haziwezi kuingia katika vichochoro vyake vingi na mwisho wake mtabeba mizigo juu ya ngazi. Bairro Alto huwa na kelele hadi usiku wa manane. Kwa watu wawili wenye fedha za kiasi ningependekeza kandokando ya vituo vya Anjos, Arroios au Alameda, ambako vyumba ni nafuu zaidi, treni ya chini ya ardhi iko karibu, na maduka ya vyakula yanauza hadi jioni.

Angalieni mambo mawili katika tangazo la chumba: kama kina kiyoyozi, maana nyumba nyingi za zamani hazina, na kama jengo lina lifti. Zaidi ya bei ya chumba kuna kodi ya wageni ya mji, ambayo tangu Septemba 2024 ni yuro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, hadi usiku 7. Wawili kwa usiku 4 watalipa yuro 32.

Tutatokaje uwanja wa ndege, na tutazungukaje mjini?

Kituo cha treni ya chini ya ardhi kiko hapohapo uwanjani, kwenye njia nyekundu. Shukeni Alameda, mpande njia ya kijani inayokwenda Rossio, Baixa-Chiado na Cais do Sodré. Kila mtu awe na kadi yake iitwayo Navegante, inayouzwa kwa senti 50 kwenye mashine, na kadi moja haiwezi kutumiwa na wawili katika safari moja. Tiketi ya saa 24, ambayo ni takriban yuro 7, huhusisha treni hiyo, mabasi na tramu, nayo hulipa gharama yake siku ya kupanda na kushuka mara nyingi.

Tramu namba 28, inayotoka Martim Moniz hadi Campo de Ourique, inajulikana dunia nzima na kwa sababu hiyo husongamana. Pandeni kituo cha mwanzo kabla ya saa 3 asubuhi au muiache. Vyombo vya kupandia vilima vinavyovutwa kwa kamba vilikuwa fahari ya mji hadi tarehe 3 Septemba 2025, chombo cha Glória kilipoacha reli na watu 16 wakafariki. Ulizieni hali ya vyombo hivyo kabla ya kuviweka katika ratiba. Bajaji zipo pia, zimepambwa na zinaendeshwa kwa ajili ya watalii, lakini bei zake hazifanani hata kidogo na za Kariakoo, na mpatane kabla ya kupanda.

Tuipangeje siku ili joto lisitushinde?

Gaweni siku mara tatu. Kuanzia saa 2 hadi saa 6 mchana ni wakati wa kutembea nje na kupanda vilima. Kutoka saa 7 hadi saa 11 jioni ni wakati wa makumbusho, makanisa yenye kuta nene, chakula na usingizi. Na kuanzia saa 11 jioni mji huamka tena, na ndipo sehemu za juu za kutazamia mji, kama Senhora do Monte na Graça, hupendeza zaidi. Msipange zaidi ya jambo moja kubwa asubuhi na moja dogo jioni. Maji ya bomba ni salama kunywa, kwa hiyo kila mmoja abebe chupa yake. Kumbukeni pia kwamba makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, na Monasteri ya Jerónimos ni mojawapo.

Belém ina nini kwa mtu wa Afrika Mashariki?

Ina mengi kuliko vitabu vya watalii vinavyosema. Kutoka ufuko wa Belém ndiko Vasco da Gama alikoondokea mwaka 1497, na Aprili 1498 akafika Mombasa, ambako hakuelewana na wenyeji, kisha Malindi, ambako alipata rubani wa kumvusha hadi India. Kaburi lake limo ndani ya kanisa la Monasteri ya Jerónimos, mkabala na la mshairi Camões. Ujenzi wa monasteri hiyo ulianza mwaka 1501 na uligharimiwa kwa sehemu na ushuru wa biashara ya viungo vilivyotoka katika bahari yetu. Nilisimama mbele ya jiwe lile nikiwa na fikra za Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593 na wakaipoteza mwaka 1698, na nikaona kwamba nilikuwa nikiyatazama majengo mawili ya habari moja.

Lakini kitu ambacho ningemsihi kila msomaji akitafute hakipo Belém tena, ingawa kinaitwa kwa jina la Belém. Ni chombo cha ibada cha dhahabu na rangi za enameli, Custódia de Belém, kilichomalizwa mwaka 1506, ambacho sasa ni mali ya Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes. Dhahabu yake ilitoka Kilwa: ni ushuru ambao Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kuulipa katika safari yake ya pili, akaurudisha Lisbon mwaka 1503. Miaka miwili baadaye, mwaka 1505, jeshi la Wareno chini ya Francisco de Almeida liliuteka mji wenyewe wa Kilwa. Ufundi wa chombo kile ni wa ajabu, na mtume mmojammoja anaonekana amepiga magoti, akiwa mdogo kuliko kidole. Ni vigumu kukitazama bila uchungu, na ni vizuri kukitazama. Kabla ya kwenda, thibitisheni kwamba ukumbi wake uko wazi. Mnara wa Belém nao ulifungwa kwa ukarabati mwaka 2025, na majengo kadhaa ya kale yamekuwa yakifanyiwa matengenezo.

Mkiwa Belém, vikeki vya krimu ya mayai vinavyotengenezwa tangu mwaka 1837 karibu na monasteri vinastahili foleni yake, nayo hupungua sana mkifika kabla ya saa 4 asubuhi.

Chakula kikoje, na Mwislamu atakula wapi?

Samaki ni wengi na huchomwa bila mambo mengi: sardini, jodari, pweza, na bacalhau, ambaye ni samaki wa bahari baridi aliyetiwa chumvi na kukaushwa; mtu aliyekulia ng'onda atamwelewa mara moja. Kuku wa kuchoma hupakwa piri-piri, na sambusa huitwa chamuça na kuuzwa kwenye vioo vya mikahawa ya kawaida kabisa. Cachupa ya Cape Verde, ya mahindi na maharage, ilinikumbusha makande ya nyumbani, ila huwekwa nyama nyingi ndani yake.

Nyama ya nguruwe huingia mahali usipodhania: supu ya kijani iitwayo caldo verde huwekewa soseji, na vitafunio vingine hukaangwa au kukandwa kwa mafuta yake. Semeni "sem porco", yaani bila nguruwe, na muulize kila mara. Chakula halali kinapatikana kwa wingi Mouraria na kandokando ya Martim Moniz, ambako wahamiaji kutoka Bangladesh wamefungua mikahawa na mabucha. Msikiti mkuu, uliofunguliwa mwaka 1985, uko karibu na Praça de Espanha, na wengi wa walioijenga jumuiya hiyo walitoka Msumbiji.

Mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa mezani kabla hamjaagiza si takrima. Mkivila mtatozwa, msipovitaka, virudisheni kwa adabu. Chakula cha mchana cha siku, prato do dia, ndicho cha nafuu zaidi, na wenyeji hula chakula cha usiku kuanzia saa 2.

Tunaweza kwenda baharini au nje ya mji?

Treni ya kutoka Cais do Sodré hadi Cascais huchukua kama dakika 40 na hupita Carcavelos, ufuko mpana wa mchanga. Aliyezoea maji ya Bahari ya Hindi ajitayarishe: Atlantiki hapo ni baridi hata Agosti. Sintra, yenye makasri milimani, iko kama dakika 40 kwa treni kutoka Rossio. Tiketi ya Kasri la Pena huwa na saa maalumu ya kuingia na inunuliwe kabla. Kwa siku tano, chagueni moja kati ya hizo mbili. Kivuko cha kwenda Cacilhas, ng'ambo ya Tejo, ni cha dakika kumi hivi, na kinatoa mandhari ya mji kwa bei ya tiketi ya kawaida.

Usalama ukoje?

Kwa jumla ni mji wa amani. Hatari kubwa ni wachomozi katika tramu 28, kwenye ngazi za treni na mahali pa kutazamia mji. Mitaa ya Baixa wapo wanaume wanaonong'ona wakiuza dawa za kulevya, ambazo mara nyingi ni majani ya kawaida yaliyosagwa; semeni hapana na mwendelee kutembea. Gaweni nyaraka: kila mmoja abebe pasipoti yake, na picha ya pasipoti ya mwenzake katika simu. Namba ya dharura ni 112.

Ni vibaya kutengana kwa saa chache?

Si vibaya, na ningesema ni lazima angalau mara moja. Siku ya tatu rafiki yangu alitaka maduka ya Chiado na mimi nilitaka makumbusho, na tulipokutana jioni kila mmoja alikuwa na habari ambayo mwenzake hakuijua. Wekeni mahali ambapo hapawezi kukosewa na saa iliyokubaliwa, kwa sababu simu huisha chaji. Sisi tulichagua chini ya nguzo ya Mfalme Pedro wa Nne katika uwanja wa Rossio, saa 12 jioni, na anayechelewa zaidi ya nusu saa atafutwe hotelini kwanza.